Forester ya turbo hapa Nakuru: nianze na turbo kubwa au na vifaa vinavyoitegemeza?

Mwalimu_Lanet

Hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa hata shilingi moja, kwa maana fedha nilizo nazo nimeziweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili, na zikipotea sitakuwa na nyingine za kuirudia kazi.

Gari langu ni Subaru Forester ya mwaka 2005, umbo la SG5, lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika. Injini ni EJ205 ya lita 2.0, turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini) ni ile ya kiwandani ya TD04, na gia ni za mkono. Limetembea kilomita 168,000. Ninaishi Lanet, ninafundisha Rongai, na mara mbili kwa mwezi ninakwenda Kisumu kuwaona wazazi kupitia Mau Summit na Kericho. Wakati wa likizo hupanda hadi Eldoret kupitia Timboroa. Gari halijawahi kuniacha njiani, lakini nikiwa na abiria wanne na mizigo, na nikataka kulipita lori kwenye ule mwinuko wa kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan, linakosa pumzi kabisa. Turbo naisikia ikivuma, ila nguvu haiji, na mara mbili nimelazimika kurudi nyuma ya lori huku gari la mbele likinikaribia. Sitaki mashindano. Nataka nipite lori kwa usalama nikiwa na watoto wangu garini.

Bajeti yangu ni shilingi 180,000, na nimepewa mapendekezo matatu. La kwanza ni turbo mpya isiyo na jina la kiwanda, yenye umbo la TD05-16G, ambayo muuzaji anasema itaingia bila kubadilisha chochote. La pili ni turbo ya IHI iliyotumika, iliyotolewa kwenye Impreza STI (Subaru ya michezo yenye nguvu zaidi), ambayo dalali anaiita tu “VF ya STI”. La tatu ni kuikarabati TD04 yangu. Mbali na hayo, fundi mmoja wa hapa mjini ameniambia nisisumbuke na turbo, kwamba atanifungia kivalvu kidogo cha kuongeza presha kwa shilingi elfu chache na kazi itakuwa imekwisha.

Je, ni lipi kati ya haya lenye maana, ni vifaa gani vingine vinavyohitajika, na kazi ianzie wapi?

Fundi_Kibuye

Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Kazi yangu kwa miaka kumi na minane imekuwa injini, na nyingi kati ya hizo ni za Subaru, kwa hiyo nitakuambia ninayoyaona kwa macho yangu.

Kabla ya kuuliza ununue turbo gani, uliza kama hiyo uliyo nayo inafanya kazi yake yote. Gari linalovuma bila kuvuta si lazima liwe na turbo ndogo. Mara nyingi linavuja hewa. Turbo inaisukuma hewa, hewa inatokea pembeni kabla ya kufika kwenye silinda, na kompyuta ya injini, ambayo imekwisha kuipima hewa hiyo ilipokuwa ikiingia, inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena. Matokeo yake ni moshi mweusi kidogo, petroli kuisha haraka, na nguvu kupungua wakati unapoihitaji. Kwenye Forester angalia mpira unaounganisha turbo na intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), angalia bomba la plastiki lililo chini ya intakula kwa sababu hupasuka kwa joto na uzee, kisha angalia mipira midogo ya presha inayokwenda kwenye valvu ya westigeti (mlango unaopitisha moshi kando ya turbo ili presha isizidi). Mipira hiyo midogo ina bei ya chini kuliko mlo wa samaki hapa ufukweni, lakini mmoja ukipasuka presha yote inaharibika.

Kipimo chake ni rahisi. Mdomo wa turbo unazibwa kwa kifuniko chenye valvu, hewa ya kompresa inaingizwa polepole bila kuzidi bari 1, kisha maji ya sabuni yanapakwa kwenye viungo vyote. Palipo na povu ndipo panapovuja. Asiyekuwa na kifaa hiki gerejini mwake asikuuzie turbo.

Jambo la pili ni oili. Kwenye injini nyingi za Subaru zenye turbo kuna bolti yenye tundu, inayopitisha oili kwenda kwenye turbo, na ndani yake mna kichujio kidogo cha waya. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, uchafu wake huziba kichujio hicho na turbo hufa kwa kiu, wakati kipimo cha oili kinaonyesha oili imejaa. Kumbuka kwamba mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba sana wa oili. Sekunde chache bila utando huo zinatosha kuumaliza. Nimeletewa watu waliokwisha kununua turbo ya pili na ya tatu, wakimlaumu muuzaji kila mara, wakati ugonjwa ulikuwa kwenye bolti ile ile iliyorudishwa bila kusafishwa.

Jambo la tatu ni afya ya injini yenyewe. Pima mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa na joto, betri ikiwa imejaa na kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa hadi chini, kisha uandike namba zote. Injini ya kilomita 168,000 inaweza kuwa nzima kabisa, na inaweza kuwa na ringi (pete za pistoni) zilizochoka ambazo presha kidogo tu zaidi itazimaliza. Fanya haya matatu kwanza, kisha urudi hapa na majibu, ndipo tuzungumze juu ya turbo.

Dereva_Londiani

Mimi nilinunua turbo mpya isiyo na jina, ya umbo hilo hilo la 16G, kwa ajili ya Impreza yangu. Iliingia, ingawa tulilazimika kuikunja upya bomba la oili na kuchonga kishikio. Kwa miezi minne ilivuta vizuri sana, nami niliwasifia wote walionisikiliza. Mwezi wa tano ilianza kutoa moshi wa buluu kila asubuhi, na siku moja karibu na Kipkelion gurudumu la kompresa, lile linalosukuma hewa ndani ya turbo, liligusa ukuta wake likasagika. Chembe za alumini ziliingia kwenye intakula na kwenye silinda. Nilinunua injini nzima. Muuzaji alisema dhamana haihusu turbo iliyofungwa na fundi asiyemjua. Usijaribu, Mwalimu.

Bi_Mhandisi_Milimani

Mwalimu, ninakubaliana na Fundi kwamba upimaji ndio mwanzo, lakini kuna jambo ambalo ushauri mwingi tunaousoma haulitaji, kwa sababu umeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Jambo hilo ni mwinuko wetu.

Usawani mwa bahari hewa ina presha ya takriban bari 1.01. Kisumu, kwenye mita kama 1,130, presha ni karibu bari 0.88. Nakuru, kwenye mita kama 1,850, ni karibu bari 0.81. Timboroa, kwenye mita zipatazo 2,740, inashuka hadi karibu bari 0.72. Geji ya turbo iliyo kwenye dashibodi haikuonyeshi hayo, kwa kuwa inapima tu presha iliyozidi ile ya nje. Kwa hiyo geji inaweza kusoma bari 0.9 Mombasa na bari 0.9 Timboroa, nawe ukadhani turbo imefanya kazi ile ile. Haikufanya.

Kinachoichosha turbo ni uwiano wa presha, yaani presha kamili inayotoka ikigawanywa kwa presha inayoingia. Chukua bari 0.9 ya geji. Usawani mwa bahari uwiano ni 1.91 kugawanywa kwa 1.01, ambao ni kama 1.9. Kisumu ni karibu 2.0. Nakuru unafika 2.1. Timboroa ni 1.62 kugawanywa kwa 0.72, yaani takriban 2.25, na bado sijahesabu kizuizi cha kichujio cha hewa ambacho huuongeza kidogo. Ili kuufikia uwiano huo turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na hewa inayotoka inakuwa ya moto zaidi. TD04 ya Forester ni turbo ndogo, iliyochaguliwa ili iamke mapema. Ukiilazimisha kutoa presha kubwa juu ya Mau, inaingia kwenye eneo ambalo inapasha hewa joto kuliko inavyoisukuma, na hilo linaweza kuwa ndilo uvumaji usio na nguvu unaousikia, hata kama hakuna mahali panapovuja.

Hapa ndipo hatari ya kile kivalvu cha bei rahisi inapoonekana. Kompyuta ya Subaru ina kipimo cha presha ya hewa ya nje, na kwenye mpango wake mna jedwali linalopunguza presha ya turbo kadiri gari linavyopanda, ili turbo isizunguke kupita kiasi. Kivalvu cha mkono hakijui kama uko Ahero au Timboroa. Kinashikilia presha ile ile ya geji kila mahali, nacho kinaiondolea kompyuta ulinzi ambao waliounda gari waliuweka kwa makusudi. Ninakuomba kwa dhati usikifunge, hata kama utapewa bure.

Kwa sababu hizi hizi mimi ningependelea turbo iliyo kubwa kidogo, kama zile za IHI zilizotoka kwenye STI, ambayo ingefanya kazi hiyo bila kujikaza. Hilo ndilo pendekezo langu, ikiwa fedha zitatosha kwa vifaa vingine inavyovihitaji.

Mwalimu_Lanet

Nashukuru sana, Fundi, na wewe pia dada Mhandisi. Ndugu wa Londiani, pole kwa hasara hiyo, na asante kwa kuieleza wazi. Turbo isiyo na jina nimeiondoa kwenye hesabu.

Nimechukua wiki tatu kufanya mliyoniagiza. Mgandamizo wa silinda, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, ni 126, 124, 127 na 122 kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba. Fundi aliyepima alisema ni mdogo na kwamba injini imechoka, jambo lililonivunja moyo. Kipimo cha sabuni kilionyesha povu sehemu mbili: kwenye lile bomba la plastiki chini ya intakula, ambalo lina ufa mrefu kama kidole, na kwenye mpira mmoja mdogo wa westigeti. Bolti ya oili tuliifungua tukakuta kichujio kimeziba karibu nusu kwa uchafu mweusi. Mhimili wa turbo unacheza kidogo ukiusukuma upande kwa upande, lakini haugusi ukuta, na ukiuvuta nje na ndani hausogei kwa kiasi ninachoweza kukihisi. Kuna oili kidogo kwenye bomba la kutokea kompresa.

Bomba na mpira vimebadilishwa, kichujio kimesafishwa, oili ni mpya. Gari limebadilika waziwazi. Juzi nilipanda Sachangwan kwa gia ya nne mahali ambapo nilikuwa nikirudi ya tatu. Bado natamani nguvu zaidi kidogo kati ya mizunguko 2,500 na 4,000, na bado nina shilingi 163,000.

Bi_Mhandisi_Milimani

Usivunjike moyo kwa namba hizo, Mwalimu. Mgandamizo hutegemea hewa inayoingia, na hewa ya Nakuru ina presha ya asilimia kama 80 tu ya ile ya usawani mwa bahari. Kitabu cha fundi kimeandikwa kwa usawa wa bahari. Namba 126 hapa kwetu ni sawa na karibu 155 kule, na hiyo ni injini nzima. Linalopaswa kuangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, na tofauti yako kubwa kabisa ni pauni 5 tu. Ningefurahi kama mafundi wetu wa bonde hili wote wangelijua jambo hili, kwa maana injini nyingi zimehukumiwa bila kosa.

Fundi_Kibuye

Hapo dada amenifundisha nami pia, kwani hapa Kisumu tofauti ni ndogo na sikuwahi kuihesabu.

Sasa turbo. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida kwa turbo ya beringi za kawaida, kwa sababu mhimili husubiri oili iukamate. Kusogea nje na ndani ndiko kubaya, na yako haisogei. Oili kidogo kwenye bomba inaweza kutoka kwenye mfumo wa kupumua wa injini wala si kwenye turbo. Kwa hiyo TD04 yako haijafa, inahitaji tu kukarabatiwa: beringi mpya, sili (vizibo vya oili) mpya, na zaidi ya yote ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kusawazisha mhimili. Turbo iliyofungwa beringi mpya bila kusawazishwa ni kazi nusu. Mwombe akuonyeshe karatasi ya mashine.

Kuhusu “VF ya STI”, muulize dalali namba kamili iliyo kwenye kibao cha chuma cha turbo, na asipoitoa usimlipe. VF30 na VF34 zina mlango mmoja wa kuingizia moshi na zinaweza kukaa kwenye gari lako, tofauti yake kubwa ikiwa VF34 ina beringi za gololi. VF36 na VF37, zilizotoka kwenye STI za Japani za baadaye, zina milango miwili iliyotenganishwa, na VF38 ya Legacy ya Japani ni vivyo hivyo. Hizo za milango miwili zinahitaji mabomba ya moshi ya aina yake kuanzia kwenye injini, na ukizifunga kwenye mabomba yako unapoteza faida yote uliyoinunua. Hapa kwetu hizo ndizo zinazoonekana sana sokoni, kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye magari mengi yaliyobomolewa kwa ajili ya spea. Watu wanazinunua kwa jina la STI tu.

Lakini mimi ninatofautiana na dada Mhandisi kidogo. Mwalimu hatafuti nguvu kwenye mizunguko 6,000. Anazitafuta kwenye 2,500 hadi 4,000, nyuma ya lori, gari likiwa limejaa. Turbo kubwa inachelewa kuamka, na kwenye hewa nyembamba ya Mau itachelewa zaidi kwa sababu moshi wenyewe unaoizungusha ni mchache. Ataipata hesabu ya farasi kwenye karatasi, kisha atasubiri kwa sekunde mbili katikati ya barabara. TD04 iliyokarabatiwa, bomba pana la moshi linalotoka kwenye turbo, na kompyuta iliyopangwa vizuri vitampa anachokitafuta kwa fedha chache zaidi.

Bi_Mhandisi_Milimani

Nimeifikiria hoja ya Fundi kwa siku mbili, na kwa matumizi aliyoyaeleza Mwalimu ninakubali kwamba ana haki. Nilikuwa nikiitazama turbo peke yake, na Fundi aliitazama barabara. Sharti langu ni moja: presha isipandishwe bila jedwali la mwinuko. Yeyote atakayeipanga kompyuta aache ipungue gari linapopanda, na aliguse jedwali hilo kwa uangalifu tu.

Niongeze habari ya petroli, kwa sababu ndiyo inayoua injini nyingi baada ya turbo kuongezwa nguvu. Injekta (kinyunyizio cha petroli) moja ikiwa ya sentimita za ujazo 440 kwa dakika, nne zake zikifanya kazi kwa asilimia 85 ya uwezo hutoa karibu mililita 1,500 kwa dakika. Injini ya petroli yenye turbo hutumia kama mililita 6 kwa dakika kwa kila nguvu ya farasi inapokanyagwa yote. Ukigawanya unapata takriban farasi 250. Injini yako ilitoka kiwandani na farasi 220. Unaona jinsi nafasi iliyobaki ilivyo ndogo. Ukiiacha TD04 na kupandisha nguvu kwa kiasi, injekta zako zinaweza kutosha baada ya kusafishwa na kupimwa mtiririko wake, zote nne zikilingana. Ukichagua VF30, injekta kubwa zaidi si jambo la hiari tena, na hapo ndipo bajeti ya shilingi 163,000 inapasuka.

Pampu ya petroli ya miaka mingi ibadilishwe hata hivyo. Pampu za Walbro za lita 255 kwa saa zinajulikana sana, na kwa sababu hiyo hiyo bandia zake ni nyingi. Inunue kwa mtu anayekubali ipimwe presha na mtiririko kabla hujaondoka.

Halafu kuna oktani, yaani kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati. Magari haya yalipangwa Japani kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kule huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Petroli ya kawaida tunayoijaza iko chini ya hapo. Oktani ikiwa ndogo na hewa ikiwa ya moto, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Hii siyo ile sauti ya beringi ambayo watu husema injini “imenoki”. Hii aghalabu huisikii kabisa ukiwa ndani ya gari, nayo huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, ambazo ni sehemu dhaifu inayojulikana kwenye injini hizi. Kwa hiyo mpangaji wa kompyuta aifanye kazi yake kwa petroli utakayoitumia kila siku, iliyojazwa kwenye kituo chako cha kawaida, na asimwage chupa ya kuongeza oktani siku ya kupima ili namba zipendeze.

Sensa pana ya oksijeni yenye geji yake inunuliwe mapema. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama petroli inatosha injini ikikanyagwa yote. Kwa petroli yetu ningependa kuona sehemu 11 hadi 11.5 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Ikipanda juu ya 12 ukiwa mlimani, toa mguu mara moja.

Plagi ziwe mpya. Ukibaki na presha ya kiasi, joto la plagi la kiwandani linatosha. Ukiongeza zaidi, nenda hatua moja ya baridi, na kwa NGK namba inayopanda ndiyo ya baridi zaidi, kinyume na watu wengi wanavyodhani.

Dereva_Londiani

Usisahau klachi. Yangu ilianza kuteleza wiki ya pili baada ya kuongeza presha. Na mjulishe mwenye bima yako kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, kwa sababu siku ya ajali ndiyo siku watakayofungua boneti.

Mwalimu_Lanet

Nimeamua kama ifuatavyo, nanyi mnisahihishe. TD04 inakwenda kukarabatiwa na kusawazishwa. Injekta zitasafishwa na kupimwa, pampu, plagi na sensa vitanunuliwa vipya. Bomba la moshi litabadilishwa, kisha kompyuta itapangwa. Fedha nitakazozitenga kwa mpangaji wa kompyuta ni karibu theluthi moja ya zote, nami sitazipunguza ili ninunue kitu kinachoonekana. Klachi nitaiwekea akiba iliyobaki. Bima nitaiandikia barua wiki hii.

Swali langu la mwisho ni juu ya bomba la moshi. Fundi wa kuchomea hapa Nakuru amesema aondoe katalisti (kisafisha moshi) yote na kuniwekea bomba la inchi tatu lililo wazi hadi nyuma. Je, lina madhara?

Fundi_Kibuye

Lina madhara, Mwalimu. Mlango wa westigeti wa TD04 ni mdogo. Moshi ukipata njia iliyo wazi kabisa, turbo inazunguka kwa wepesi kiasi kwamba mlango ule, hata ukifunguka wote, haupitishi moshi wa kutosha, na presha inaendelea kupanda yenyewe kwenye mizunguko ya juu bila kompyuta kuweza kuizuia. Jedwali la mwinuko alilolitaja dada litakuwa karatasi tu. Weka bomba pana lenye katalisti ya kupitisha kwa wingi, uache sailensa ya nyuma ilivyo, na majirani wa Lanet nao watalala. Ukitaka pia, mlango wa westigeti unaweza kuchongwa upanuke kidogo turbo ikiwa imefunguliwa kwa ukarabati. Mwambie huyo mtaalamu wa turbo afanye hivyo kabla hajaifunga, si baadaye.

Siku ya kuirudisha turbo, jaza oili safi kwenye tundu lake kwa mkono na uuzungushe mhimili kwa kidole. Weka gasketi zote mpya, hakikisha bomba linalorudisha oili kwenye injini halijakunjika wala kuziba, na ile bolti yenye kichujio iwe mpya au iwe safi kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Kisha chomoa nyaya za injekta na za koili za plagi, uzungushe injini kwa stata vipindi vitatu vya sekunde kumi kumi, ukipumzika katikati, mpaka taa ya oili izimike. Ndipo urudishe nyaya na uwashe. Iache izunguke taratibu kwa dakika tano bila kuikanyaga, huku ukitazama viungo vya oili kwa tochi. Kilomita 500 za kwanza usivute presha kamili. Badilisha oili hapo, na baada ya hapo kila kilomita 5,000 kwa oili ya sintetiki ya 5W-40.

Ukija Kisumu kwa wazazi mara ya kwanza baada ya kazi, usiende moja kwa moja. Simama Kericho, fungua boneti injini ikiwa bado na joto, na uguse viungo vya maji na oili vya turbo kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kikavu, endelea na safari.